Doria za Malacca: ASEAN inashirikiana kwenye nini hasa?

Msoma Ramani
Wakuu, nisaidieni. ASEAN, ile jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, ilianzishwa Bangkok mwaka 1967, lakini kila nikisoma nakutana na mikutano na matamko. Hawana jeshi la pamoja, wala mkataba kwamba mmoja akivamiwa wote wanaingia vitani. Sasa usalama wanaoshirikiana ni upi?

Zamu ya Usiku
Ndugu, mimi ni baharia, nitasema ya Malacca, ule mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Sumatra (Indonesia) na Malaysia, maana nimepita sana. Karibu na Singapore njia inabanwa hadi chini ya kilomita 3. Meli zinapunguza mwendo, na mwizi anachohitaji ni giza na kamba yenye ndoano. Miaka ile tulikuwa tukifungulia mabomba ya maji ubavuni mwa meli usiku kucha ili asipande.

Juni 2005 kamati ya bima ya London iliuweka mlango ule kwenye orodha ya maeneo ya hatari ya vita. Indonesia, Malaysia na Singapore zilikuwa zimeshaanza doria Julai 2004. Septemba 2005 zikaongeza ndege, zenye maofisa wa nchi tofauti ndani yake. Agosti 2006 Malacca ikatolewa kwenye orodha. Thailand ikajiunga na doria 2008.

Ila kila nchi inalinda maji yake. Mwizi akivuka mpaka, anayemfukuza anasimama na kumwita jirani kwa redio. Wengi wanauona huo udhaifu. Mimi naamini bila sharti hilo Jakarta na Kuala Lumpur zisingekubali kabisa.

Binti Pwani
Usisahau Aceh, kaka, mkoa wa Indonesia ulio kwenye mdomo wa mlango huo. Mkataba wa amani wa Agosti 2005 kati ya serikali ya Indonesia na waasi wa GAM, waliotaka Aceh ijitenge, ulituliza kaskazini ya Sumatra. Sifa zote usizipe doria.

Zamu ya Usiku
Kweli dada, hilo nililiruka.

Msoma Ramani
Mbona basi Bahari ya China Kusini imewashinda?

Zamu ya Usiku
Haramia hakuna serikali inayomtetea. Kule wanaogombana ni serikali zenyewe: China inadai karibu bahari yote, na Vietnam, Ufilipino, Malaysia na Brunei kila moja ina dai lake. Na ASEAN huamua kwa maafikiano, kwa hiyo mwanachama mmoja akikataa, limekwama. Julai 2012 pale Phnom Penh, Kambodia, mawaziri wa ASEAN walishindwa kukubaliana namna ya kuitaja bahari hiyo, wakaondoka bila tamko la pamoja, mara ya kwanza tangu 1967.