Mafundi mnaoweka programu kwenye seva za watu halafu mnaondoka bila kuacha hata karatasi, huu uzi ni wenu

Wakuu, tangu ijumaa sijalala vizuri na naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe, ila haya lazima yasemwe maana humu tuko wengi tunaohudumia seva za ofisi ndogo ndogo na kuna watu tunawaumiza ambao hata pa kulalamika hawapajui.

Niliitwa kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo mkoa wa Morogoro, jina nalihifadhi. Wanachama ni walimu, mama lishe, vijana wa bodaboda. Umeme ulikatika, betri ya UPS ilishakufa kitambo, seva ikazima ghafla na ilipowaka jedwali la marejesho ya mikopo likawa halisomeki kabisa. Mama mhasibu akaniambia usijali mwanangu, bakapu zipo, fundi aliyekutangulia alituwekea inajifanya yenyewe kila usiku saa nane. Nikafungua folda la bakapu, kweli mafaili yapo, 211, kila moja na tarehe yake. Nikapiga ls -l, amri inayoonyesha ukubwa wa kila faili. Baiti 20. La chini yake baiti 20. Nikashusha mpaka mwisho, baiti 20, yote 211, hakuna hata moja lililopishana. Anayeijua gzip, programu ya kubana mafaili, anajua hiyo namba, ndo ukubwa wa faili lililobanwa halafu ndani hamna kitu. Karibu miezi saba walikuwa wanatunza bahasha tupu.

Sasa sikilizeni kilichoniumiza. Nikaendesha ile ile skripti ya bakapu kwa mkono, ikafanya kazi mpaka ilipokwama kwenye lile jedwali bovu, MB 38 zikatoka. Nikapiga which pg_dump (pg_dump ndo inayotoa nakala ya database ya Postgres, which inakuonyesha iko wapi), ikanijibu /usr/local/pgsql/bin/pg_dump. Sawa, programu ipo, inafanya kazi, sasa usiku inakuwaje? Masaa matatu yakaenda hapo, nakagua ruhusa za mafaili, nakagua diski, nakagua saa ya mashine, wapi. Mpaka nilipopiga type -a pg_dump ndo ikanitolea zote: ile ya /usr/local/pgsql/bin na nyingine iko /usr/bin (na /bin pia, ila hiyo ni ile ile, siku hizi /bin ni kiungo tu cha kwenda /usr/bin). Seva moja, pg_dump mbili, na hakuna binadamu ofisini anayejua.

Ya /usr/bin ilitoka kwa apt, ile inayoshusha na kuweka programu za mfumo. dpkg -S (dpkg ndo inatunza orodha ya vilivyowekwa) ikanionyesha pakeji yake, nikafuata kiungo nikafika /usr/share/postgresql-common/pg_wrapper, na hiyo ndo inaita ile ya /usr/lib/postgresql/14/bin, toleo la 14, ndo linalokuja na Ubuntu 22.04, Linux ya seva hii. Ile nyingine dpkg haiitambui kabisa kwa sababu fundi alishusha sosi (msimbo) ya Postgres 15, akaikompaili, yaani akaigeuza programu mwenyewe, akapiga make install, na ukifanya hivyo hakuna daftari lolote la mfumo linaloandikwa kwamba kitu fulani kimewekwa mahali fulani. Kukifahamu kunabaki kichwani kwako tu. Na folda la sosi alilifuta, kwa hiyo hata make uninstall huwezi. Halafu ili mambo yamwendee yeye akaongeza mstari mmoja kwenye .bashrc ya root (faili ambalo sheli, dirisha la amri, la msimamizi mkuu inalisoma ikifunguka), PATH, yaani orodha ya mafolda ya kutafutia programu, ianzie /usr/local/pgsql/bin. Akajaribu skripti kwa mkono, ikakubali, akachukua hela yake akaondoka.

Ila cron, kile kinachoendesha kazi kwa ratiba, haisomi .bashrc! Crontab (ratiba yenyewe) ya mtumiaji usipoiandikia PATH yako inatumia /usr/bin:/bin basi. Kwa hiyo kila saa nane usiku ilikuwa inaitwa pg_dump ya 14 inaenda kuongea na database ya 15, na pg_dump inakataa database yenye toleo kubwa kuliko lake, na inafanya sahihi kukataa. Inatoka mikono mitupu, gzip inapokea hewa inaibana inaiandikia tarehe, na kwa vile baada ya ile alama ya bomba (|) sheli inaangalia jibu la amri ya mwisho peke yake, skripti inasema salama. Mstari mmoja wa set -o pipefail ungefanya bomba zima lihesabike limeshindwa. Na kosa lenyewe halikunyamaza jamani, cron ilitaka kulituma kwa barua pepe, haikukuta programu ya barua, ikaandika kwenye syslog, daftari la matukio ya mfumo, "No MTA installed, discarding output". Kila usiku. Kosa lilikuwa linalia kila usiku na kilio kinatupwa jalalani.

Mama mhasibu na binti wa kaunta wamekaa siku nne na maboksi ya vitabu vya risiti. Zile nakala za kaboni, mnazijua, wino wa bluu umeshafifia, wanainua karatasi juu kwenye mwanga wa dirisha wanabishana hii ni 7 au 1, mimi naandika. Elfu kumi na saba au elfu kumi na moja ya mtu anayeuza maandazi. Zile ambazo hazisomeki wanampigia mwanachama aje na kitabu chake, na wapo waliofika wakiamini wameibiwa. Yule mama alilia mbele yangu.

Na si Postgres peke yake. Kuna skripti ya Python inayowakumbusha watu siku ya rejesho, maktaba yake moja nimeikuta sehemu tatu: /usr/lib/python3/dist-packages iliyoletwa na apt, /usr/local/lib/python3.10/dist-packages iliyoletwa na sudo pip (pip inaweka maktaba za Python, sudo inaiendesha kama root), na nyingine kwenye .local ya mtumiaji, matoleo matatu tofauti, na ipi itasomwa inategemea nani kaiendesha maana ya kwenye .local inatangulia. Ndo maana kuanzia Debian 12 pip ikaanza kukataa kuweka vitu juu ya Python ya mfumo, na watu humu humu mkaanza kugawana ile --break-system-packages kama dawa ya mafua. Soma jina la hiyo amri basi! Fungua venv, folda la maktaba za programu moja peke yake, dakika moja haiishi. Node, ya kuendesha JavaScript, nayo nimeikuta ndani ya /root/.nvm, certbot, ya vyeti vya tovuti, ipo ya apt na ya snap (njia nyingine ya kuweka programu) zote mbili zinang'ang'ania cheti kimoja.

Na nyie wa kujibu kila swali "tumia which mkuu", naomba muache. which inakwambia sheli YAKO, saa hii, na PATH yako wewe, ingeita kipi. Haikwambii cron itaita kipi, haikwambii sudo itaita kipi maana sudo ina secure_path yake, na haikwambii kile ambacho tayari kinatembea kimetoka wapi. Mtu akiuliza programu imekaa wapi muulize kwanza iliingiaje. Kama ni apt, dpkg -L na jina la pakeji inakumwagia kila faili, dpkg -S inarudi kinyume kutoka faili mpaka pakeji. Wa Red Hat mna rpm -ql na rpm -qf. pip ina pip show, ila iite kwa python3 -m pip ili ujue unaongea na Python ipi. Kama kitu kinatembea, chukua namba ya prosesi upige ls -l /proc/namba/exe, hapo hakuna uongo, kernel, kiini cha Linux, yenyewe inakujibu.

Utaratibu wa nini kinakaa wapi upo, haujaanza jana. Toleo la kwanza la ule mwongozo wa mpangilio wa mafolda ya Linux lilitoka 1994, na 3.0 ya FHS (jina lake la sasa) ikatoka 2015. Ulichokompaili mwenyewe nenda /usr/local, pakeji kubwa inayojitegemea nenda /opt. Na huyu fundi kwa haki ya Mungu aliweka /usr/local, hapo simlaumu. Namlaumu kwa kuacha ya apt pembeni yake bila kusema, na kwa kujaribu bakapu mara moja kwa mkono akaita hiyo ni kazi iliyokwisha.

Naombeni kitu kimoja. Faili moja, /root/SOMA.txt. Nini kimewekwa, kiko wapi, kiliingia kwa njia gani, skripti gani inakitegemea. Mistari kumi. Msiniambie mteja halipi hela ya kuandika, aliyekulipa kuweka amekulipa na kusema ulipoweka. Na wale mnaoficha makusudi ili mteja asipate fundi mwingine, mpo na mnajijua, mnacheza na hela za wagonjwa na ada za watoto.

Sasa nahitaji msaada maana sijamaliza. Meseji za wanachama zinatumwa na programu inayotembea kama root, niliangalia /proc/…/exe ikanijibu /home/…/test/smsgw na pembeni imeandika (deleted). Akaunti ya fundi waliifuta juzi, seva ikiwa imeshawaka na hii programu imeshawashwa tena, baada ya kugombana naye, folda likaenda na kila kitu, programu inaishi kwenye kumbukumbu tu, hamna huduma ya systemd ya kuiwasha yenyewe seva ikiwaka, iliwashwa kwa mkono kwa nohup. Siku umeme ukikatika tena imekwisha. Nimeshafanya cp kutoka /proc ninayo nakala ya programu yenyewe, ila faili la mipangilio sijui ilikuwa inalisoma wapi, nimeangalia /proc/…/environ na cmdline (mazingira yake na amri iliyoiwasha) hamna kitu. UPS mpya inakuja alhamisi. Aliyewahi kuchomoa mipangilio ya programu iliyo hai bila kuizima aniambie alianzia wapi, nasubiri hapa hapa.