Misalaba ya shaba ya Katanga: ni sarafu au ni pesa tu?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Wakusanyaji hawaelewani kuhusu jambo moja: ile misalaba midogo ya shaba ya Katanga, kusini mwa Kongo, iliyotumika zamani kama pesa, iwekwe pamoja na sarafu za kale, au ibaki upande wa kauri, shanga na majembe? Si ubishi wa majina matupu. Kitu kikihesabiwa kuwa sarafu, hupimwa uzito na kupigwa picha pande zote mbili. Kisipohesabiwa hivyo, huandikwa "msalaba, shaba, Kongo", na habari zake zinaishia hapo. Msimamo wangu: midogo ni sarafu, mikubwa ni vipande vya shaba ya biashara.

MtuWaKilwa: Napinga. Sarafu inataka mambo matatu: madini yanayojulikana, uzito unaojulikana, na chapa ya mwenye mamlaka. Tazama Lydia, ufalme wa kale katika Uturuki ya leo, karne ya 7 kabla ya Kristo. Stater, sarafu yao kubwa ya elektrumu (mchanganyiko wa dhahabu na fedha), ilikuwa na gramu kama 14.1, theluthi yake 4.7, na vipande vilishuka hadi sehemu moja ya 96. Ndani yake dhahabu ni kama 55 kwa 100 tu, pungufu kuliko elektrumu ya asili ya Pactolus, mto wa huko huko, kwa sababu fedha iliongezwa makusudi. Aliyepokea hakuweza kuijua thamani kwa macho, aliamini chapa yake, kile kichwa cha simba. Huko Kilwa nako, sarafu za shaba za sultani Ali bin al-Hasan zina jina lake upande mmoja, na upande wa pili maneno yanayofunga vina na hilo jina. Msalaba wa Katanga unamtaja nani?

Mizani: Mkuu, sharti la uzito linakurudia mwenyewe. Hizo shaba za Kilwa unazozitaja hazina uzito wa kutegemewa; mbili zenye jina lile lile zinaweza kupishana sana. Kwa hiyo kati ya masharti yako matatu, moja linaitoa Kilwa nje.

Na wale wanaosema sarafu lazima ipigwe nyundo kwenye chapa, wanatoa nje majembe na visu vya shaba vya China, aes grave (sarafu nzito za shaba) ya Roma na pomboo wa Olbia, vipande vya shaba vyenye umbo la pomboo kutoka mji wa Kigiriki kwenye Bahari Nyeusi. Vyote hivyo vilisubiwa, yaani madini yaliyoyeyushwa yalimiminwa katika kalibu. Pomboo wengi hawana hata herufi moja, na bado vitabu vya sarafu vinawapokea. Kama pomboo anaingia, msalaba unazuiwa kwa lipi?

Shaba_Lubumbashi: Bandugu, tuanzie makaburini, maana ushahidi uko huko. Sanga, kando ya ziwa Kisale huku Katanga, palichimbwa 1957 na 1958, na baadaye makaburi mengine ya bonde la Upemba. Misalaba ya mwanzo ni mikubwa kiasi, vipimo vyake havilingani, na mara nyingi umelazwa mmoja kifuani mwa maiti. Huo ni mali ya heshima. Kadiri karne zinavyosogea inakuwa midogo, inafanana, inakuwa mingi, na inakutwa mkononi au kiunoni, mahali mtu anapobeba cha kutumia. Umbo limebaki lile lile, kazi imebadilika. Ndiyo maana swali "msalaba ni sarafu?" halijibiki mpaka useme msalaba upi, wa lini.

Ile mikubwa ya karne ya 19, mikono minene, zaidi ya nusu kilo, ni habari nyingine. Ilibebwa kama shaba ya kuuza na kufuliwa upya.

Mleta mada: Mizani, huko kufanana kwa misalaba midogo unakupimaje? Wengi wanapima urefu tu.

Mizani: Urefu haitoshi, unene hubadilika. Panga kwanza kwa ukubwa, kisha pima uzito wa kila mmoja na uandike, usichukue wastani peke yake. Msalaba uliovunjika mkono au unaomomonyoka kwa kutu uweke kando, utakuharibia hesabu.

Madini yapime kwa maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha sifuri, ning'iniza msalaba kwa uzi uzame wote bila kugusa chini. Namba unayosoma kwa gramu ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gramu 840 zikitoa 96, gawanya: 8.75. Shaba safi ni 8.9, na iliyosubiwa hushuka kidogo kwa vitundu vya hewa. Ukipata 8.4, shuku shaba ya manjano. Lakini kwa msalaba wa gramu 12 mizani ya desimali moja haifai kabisa: maji yatasoma 1.3 au 1.5, na jibu litaruka kutoka 9.2 hadi 8.0. Tafuta mizani inayosoma gramu 0.01, na pangusa mapovu kwa brashi laini.

Shaba_Lubumbashi: Naongeza la bandia. Msalaba wa kweli umesubiwa katika kalibu ya wazi: upande uliolala ndani una umbo, upande uliokuwa hewani una mikunjo na vitundu. Pande mbili zikifanana, au kukiwa na mstari wa kiungo unaozunguka ukingo, hiyo ni kalibu ya vipande viwili. Kijani kinachotoka kwa pamba yenye asetoni ni rangi ya kupaka. Na tafadhali, msisafishe kwa ndimu wala siki. Asidi inafuta kutu ya karne nzima, na alama za kusubu zinaondoka nayo.

MtuWaKilwa: Hoja ya makaburi naikubali: midogo ilikuwa pesa, tena pesa ya kuhesabu. Ila pesa na sarafu si kitu kimoja. Kauri za Buganda zilikuwa pesa mpaka neno *ensimbi* likabaki kuwa jina la fedha, na hakuna anayeziita sarafu. Bila chapa ya mamlaka siandiki "sarafu". Nitaandika "pesa ya shaba ya kusubu", yenye uzito, ukubwa na mahali ilipotoka.

Shaba_Lubumbashi: Mahali ilipotoka ndiyo nusu ya thamani yake, hapo tuko pamoja. Kuhusu chapa, kumbuka Katanga ilipojitenga na Kongo ilitoa faranga 1 na faranga 5 mwaka 1961: upande mmoja ndizi, upande wa pili msalaba. Walipotafuta alama ya kuwafanya watu waiamini sarafu mpya, waliichukua kwenye pesa ile ya zamani. Wewe uliuliza msalaba unamtaja nani. Kwa watu wa huku, wenyewe ndio ulikuwa jina.

MtuWaKilwa: Hiyo faranga ya 1961 ni sarafu, sina ubishi. Msalaba wa kaburini nauacha kwenye droo ya jirani.