Mtaa wetu husafishwa mwisho, na sasa tumeletewa barua ya kuchangia ujenzi: nani mwenye barabara hapa Minnesota?

MgeniWaBaridi:

Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Mimi na familia yangu tulihamia Minnesota mwezi Julai tukitokea Dallas, ambako tulikuwa tumeishi kwa miaka saba, na tukanunua nyumba katika mojawapo ya miji midogo iliyo kaskazini mwa Minneapolis. Huu ndio msimu wetu wa kwanza wa theluji, na yapo mambo mawili yanayonitatiza.

La kwanza ni kwamba theluji inapoanguka usiku, barabara kubwa iliyo hatua chache kutoka kwetu huwa imekwisha kusafishwa kabla sijaamka, ilhali mtaa wetu husubiri hadi adhuhuri, nami huingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Lori linapofika hatimaye, huniachia tuta la theluji ngumu mbele ya njia ya gari langu, palepale ambapo nimetoka kuchota kwa sepetu.

La pili ni zito zaidi. Wiki iliyopita tulipokea barua inayosema kwamba mtaa utajengwa upya majira ya joto yajayo na kwamba kila mwenye nyumba atatozwa sehemu ya gharama. Kiasi kilichotajwa si cha kuchezea. Jirani yangu anasema ni jambo la kawaida na kwamba hakuna la kufanya ila kulipa. Je, ni kweli? Naomba kuwasilisha.

MzeeWaMaziwa:

Karibu Minnesota, ndugu yangu. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba barabara unayoiona mbele yako ina mwenyewe, na huyo mwenyewe habadiliki kwa sababu ya theluji. Kama unaifahamu Kenya utanielewa haraka: kama vile Sheria ya Barabara ya huko ya mwaka 2007 ilivyogawa kazi kati ya KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini na KeRRA ya barabara za vijijini, hapa nako barabara kuu ni za Idara ya Uchukuzi ya jimbo, nyingine zina nambari ya kaunti na husafishwa na kaunti, na zilizobaki, pamoja na mtaa wako, ni za mji. Kwa hiyo lori lililopita barabara kubwa usiku pengine si la mji wako kabisa. Na hata ndani ya mji mmoja, njia zinazopitwa na magari ya wagonjwa na mabasi hutangulia, kisha ndipo mitaa ya makazi hufikiwa. Ukipiga simu kaunti kulalamikia mtaa wa mji utajibiwa kwa adabu nyingi, lakini hakuna lori litakalokuja.

Kuhusu tuta: simama kwenye njia ya gari lako ukitazama barabarani. Lori litatokea mkono wako wa kushoto. Theluji yote unayochota irundike upande wa kulia, kisha fungua nafasi kidogo kushoto, kando ya barabara, ili lori limwage mzigo wake hapo kabla halijafika mlangoni pako. Usiirudishe theluji barabarani, maana sheria inakataza. Ukishamaliza, mwaga chumvi ya kutosha, na usiionee uchungu, kwa sababu bei yake ni ndogo.

Jambo moja zaidi, ukienda kulala kwa ndugu zako Minneapolis mjini. Mji ule hutangaza dharura ya theluji, na kanuni zake ni za siku tatu. Kuanzia saa tatu usiku wa siku ya kwanza hadi saa mbili asubuhi, hakuna kuegesha upande wowote wa njia zilizotengwa kwa ajili ya dharura. Siku ya pili, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, huruhusiwi kuegesha upande wa nyumba zenye nambari shufwa katika mitaa ya kawaida, na siku ya tatu ni zamu ya upande wa nambari witiri. Wageni wengi huzijifunza kanuni hizi asubuhi wanapokuta gari halipo.

MtuWaIringa:

Naafikiana na Mzee kwa mengi, ila hilo la kumwaga chumvi bila uchungu sikubaliani nalo. Chumvi ya kawaida hupoteza nguvu joto la lami likishuka chini ya nyuzi 9 hasi za sentigredi hivi, na angalieni kwamba nasema joto la lami, si la hewa. Chini ya hapo unamwaga fedha tu, na ndiyo maana siku za baridi kali unaona malori yakichanganya dawa nyingine au mchanga. Zaidi ya hayo, chumvi haipotei. Kijiko kimoja cha chai hutosha kuchafua galoni tano za maji milele, na jimbo hili lina maziwa na mito mingi ambayo tayari imepimwa na kukutwa na chumvi kupita kiasi. Kwanza kwangua hadi chini, kisha nyunyiza kidogo, na punje zikibaki baada ya barafu kuyeyuka zifagie uzitumie tena. Mimi nina debe moja ambalo limenifikisha msimu wa tatu.

DerevaWaI94:

Nimeendesha lori kati ya Minneapolis na Fargo kwa misimu kumi na miwili, kwa hiyo nitasema machache kuhusu hiyo safari yako ya saa kumi na mbili asubuhi.

Madaraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu hewa baridi hupita juu na chini yake na hakuna ardhi ya kuyatunzia joto. Utatoka kwenye lami kavu kabisa, uingie darajani, na gari likuponyoke usukani ukiwa bado umenyooka. Barafu ya namna hiyo haionekani, hufanana na lami iliyolowa, na dalili yake mojawapo ni kwamba magari yaliyo mbele hayarushi tena maji kwenye magurudumu. Ukihisi gari linateleza, toa mguu kwenye mafuta na uuelekeze usukani unakotaka kwenda. Mwendo wa kujiendesha wenyewe, ule wa kubonyeza kitufe (cruise control), usiutumie kamwe theluji ikiwa chini.

Ukikuta lori la kukwangua theluji mbele yako, kaa nyuma urefu wa magari kumi au zaidi. Lile wingu jeupe linalorusha linaweza kuficha bawa la chuma lililotokeza ubavuni, na wanaojaribu kulipita upande huo hawalioni mpaka wamelifikia. Washa taa theluji inapoanguka, hata mchana, maana ni sheria hapa. Kabla ya kutoka nyumbani, angalia huduma ya 511 ya jimbo, nayo itakuonyesha hali ya kila barabara kuu. Huko magharibi kwenye tambarare upepo ukivuma hufunga hata malango ya kuingilia barabara kuu ya I-94, na hapo wa kubishana naye hayupo.

Ukikwama, baki ndani ya gari. Hakikisha bomba la moshi halijazibwa na theluji kabla ya kuwasha injini, kwa sababu moshi ule una gesi isiyo na harufu inayoua.

WakiliWaMtaani:

Mmemsaidia sana kuhusu theluji, lakini nadhani barua ndiyo itakayomgharimu zaidi, na jirani yake amempotosha.

Dada au kaka, barabara za mitaa hazitunzwi kwa kodi ya mafuta kwa kiasi ambacho watu hudhani. Katiba ya jimbo inagawa sehemu kubwa ya fedha za barabara, yaani asilimia 95, kwa mafungu matatu: asilimia 62 ya hizo kwa barabara kuu za jimbo, 29 kwa kaunti na 9 kwa miji, na miji inayopata mgao huo ni ile yenye wakazi zaidi ya 5,000. Hata hivyo fedha hizo huenda kwenye barabara chache za mji zilizoteuliwa. Mtaa wako hutegemea kodi ya nyumba na kile kinachoitwa tozo maalumu, ambacho ndicho kilicho katika barua yako. Tozo hiyo ina sheria yake, sura ya 429 ya sheria za Minnesota, na sheria hiyo inakupa haki ambazo si za kupuuzwa.

Kwa kawaida kuna mikutano miwili ya hadhara. Wa kwanza ni wa kuamua kama mradi ufanyike, na wa pili ni wa kupitisha kiasi ambacho kila nyumba italipa. Watu wengi huenda kwenye ule wa kwanza, huzungumza kwa uchungu, hupigiwa makofi, kisha hukaa nyumbani siku ya wa pili wakidhani pingamizi lao limekwisha kuandikwa. Halijaandikwa. Ukitaka kuhifadhi haki ya kwenda mahakamani, ni lazima utoe pingamizi la maandishi, lenye sahihi yako, kwa karani wa mji kabla ya mkutano wa pili, au umkabidhi anayeuongoza mkutanoni hapo hapo. Kusema kwa mdomo hakutoshi. Baada ya tozo kupitishwa una siku 30 tu za kukata rufaa katika mahakama ya wilaya.

Hoja yenye nguvu si kwamba huna fedha. Mji hauruhusiwi kukutoza zaidi ya thamani ambayo mradi unaiongezea nyumba yako, na mwenye kuthibitisha hilo ni mthamini wa nyumba. Fanya hesabu kwanza: kama gharama ya mthamini na wakili inazidi kiasi unachobishania, lipa. Tozo huweza kulipwa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa pamoja na kodi ya nyumba, ila riba huanza kuhesabiwa. Mwenye umri wa miaka 65 na kuendelea anayelemewa anaweza kuomba kuahirishiwa, mji ukiwa umepitisha utaratibu huo.

MgeniWaBaridi:

Ahsanteni sana, wakubwa zangu. Nimeisoma barua upya usiku huu na kumbe mkutano uliotajwa ni ule wa kwanza, Jumanne ya wiki ijayo, na kiasi kilichoandikwa ni makadirio. Swali moja la mwisho kwa Wakili: mke wangu jina lake limo katika hati ya nyumba, je, naye atie sahihi kwenye pingamizi?

WakiliWaMtaani:

Naam, tieni sahihi nyote wawili, na muombe nakala iliyogongwa mhuri wa tarehe mkishaipeleka kwa karani. Na Jumanne toka nyumbani mapema, kwa maana wametabiri theluji.