Naomba ushauri: kulinganisha mvua za 1961, 1997 na 2024 hapa Nairobi

Wadau, naombeni msaada. Rekodi za 1961 ziko kwa inchi. Nazidisha kwa 25.4 kupata milimita, hapo hakuna shida. Kinachonisumbua sana ni tarehe. Kipima mvua husomwa saa tatu asubuhi, kwa hivyo mvua ya usiku mmoja huenda ikaandikwa tarehe ya jana kwenye daftari moja na ya leo kwenye lingine. Ikinyesha milimita 90 halafu igawanywe 50 na 40, kilele kinapotea, na kilele ndicho hufurisha Mto Mathare! Nitumie jumla ya siku 2 au 3? Pia, miti ikiota karibu na kipima mvua na kuzuia matone yasiingie, nisahihishe vipi? Kulinganisha na kituo jirani cha kupima mvua kunatosha?