Ratiba ya mtoto mchanga: naombeni maoni kabla hajazaliwa

Baba Mtarajiwa:
Wakuu, heshima kwenu. Mke wangu yuko mwezi wa tisa, mtoto wa kwanza, na mimi sitaki tupoteze muda. Ratiba iko tayari: saa 12 asubuhi muziki wa Mozart, saa 1 kadi za herufi, saa 2 kadi za tarakimu, saa 3 lugha ya kigeni kwa video za simu. Mchana mazoezi ya shingo. Jioni tathmini. Jedwali nimelitia rangi kabisa: kijani amefaulu, nyekundu arudie. Mke wangu alipoliona alicheka mpaka nikadhani uchungu umeanza. Swali: hesabu za kujumlisha nianze nazo mwezi wa kwanza au nivute hadi wa pili?

Mama wa Wanne:
Hongera, baba. Jedwali usilitupe, lina kazi.

Tuanze na kadi. Mtoto mchanga huona vizuri kama sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kutoka kwenye titi hadi usoni kwa mama yake. Hizo herufi ukizibandika ukutani, kwake ni ukungu. Atakachosoma ni sura yako, kwa hiyo usinune.

Mozart: ule utafiti wa 1993 uliowatia watu wazimu kwamba muziki wake huongeza akili ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu, si vichanga, na faida yenyewe ilidumu kama robo saa. Kama unampenda Mozart, piga tu muziki wake. Saa 9 usiku utamhitaji wewe.

Video futa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba aliye chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini. Lugha anaipata kwa mtu anayeongea naye. Ongea lolote! Wangu wa tatu nilimsomea maelekezo ya mashine ya kufulia, ukurasa hadi ukurasa, na alinisikiliza kuliko baba yake anavyonisikiliza.

Shingo hapo umepatia. Mlaze kifudifudi akiwa macho, dakika chache chache, nawe uko hapo hapo unamtazama. Atakulalamikia kama umemdhulumu shamba. Wakati wa kulala ni chali, kila mara.

Tathmini ya jioni sijui utamfanyia nani. Analala saa 14 hadi 17 kwa siku, kwa vipande alivyovikata mwenyewe, na ananyonya mara 8 hadi 12. Toa hapo muda wa nepi, uone kama kimebaki kipindi cha hesabu.

Sasa jedwali: futa jina la mtoto, andika lako. Kubeba mtoto ili mama alale, kubadilisha nepi, kufua, kupika, kuzuia wageni wasiojua kuondoka. Rangi aweke mkeo.

Baba Mtarajiwa:
Nimekuelewa, mama, ingawa umenivunja nguvu. Jedwali mke wangu keshalichukua, zamu zote za saa 9 usiku ni zangu. Ila la kutembea siliachi. Mtoto wa shemeji yangu alitembea na miezi tisa na hatujapumzika kusikia habari hiyo. Kuna mbinu?

Mama wa Wanne:
Hakuna. Mwenye afya njema anaweza kuanza na miezi 8, mwingine akakaribia 18, na wote wako sawa. Akipita hapo bila kutembea, muone daktari. Wangu wa kwanza aliwahi. Wa pili alikaa chini mpaka tukazoea kumruka. Leo wana miaka 13 na 11, na ukiwatuma kitu hatembei hata mmoja.

Babu Mstaafu:
Mkuu, naona umesahau somo la kujitegemea. Mimi nililiweka mwisho wa ratiba. Mwanangu ana miaka 31, yuko chumba cha pili hapa, ananiuliza tunakula nini.