Bendi ya metali Conception ya Norwei: nianze na albamu ipi, na gitaa lile la Kihispania hupigwaje?

MtegaSikio
Habari wakuu. Sauti ya mwimbaji Roy Khan nimeijulia kwenye bendi ya Kamelot, kwenye albamu za Karma (2001) na The Black Halo (2005). Sasa nataka kumfuata kule alikokuwa kabla, yaani Conception. Nimeanza na Flow nikagonga mwamba: kasi haipo, viitikio havishiki upesi, gitaa linakatakata. Nisikilize kwa mpangilio gani? Pia kwa wapiga gitaa: ile ladha ya flamenko (muziki wa gitaa wa Kihispania) ya Tore Østby, mpiga gitaa wa Conception, inatoka wapi hasa?

Besi_Nzito
Mkuu, umeingilia mlango wa nyuma. Flow ya 1997 ni albamu yao ya nne, na baada yake hawakutoa kitu kipya mpaka EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya My Dark Symphony mwaka 2018. Ni kazi ya watu waliokwisha kuichoka kasi. Ukitoka Kamelot moja kwa moja lazima ikushinde.

Anza na Parallel Minds (1993). Sikiliza "Water Confines", halafu "Roll the Fire", halafu "Silent Crying". Nyimbo tatu hizo zinatosha kukuonyesha upana wao: rifu nzito (vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwa), kiitikio kinachokaa kichwani, na utulivu wa balladi. Ukimaliza nenda In Your Multitude (1995), ndipo urudi Flow. Albamu hizo tatu zote zilisimamiwa na prodyuza mmoja, Mjerumani Tommy Newton, kwa hiyo unachosikia kikibadilika ni uandishi wa bendi yenyewe. The Last Sunset (1991) iache mwisho. Ina mawazo mazuri, ila sauti yake ni nyembamba na Khan bado anatafuta mahali pa kuiweka sauti yake.

Kinanda_Kimya
Naafiki mpangilio, ila In Your Multitude haistahili kupitwa kwa sentensi moja. Kwangu hiyo ndiyo kilele chao, na ningemwambia mtu aisikilize mara mbili mfululizo kabla ya kuhukumu.

Sababu ni jinsi Khan anavyoimba. Pawa metali nyingi (metali ya kasi yenye viitikio vikubwa) za miaka ile zilimtaka mwimbaji apande juu na abaki huko huko. Khan anaanzia chini, karibu na sauti ya kuongea, anajaza katikati, halafu anapanda pale tu maneno yanapodai. Sikiliza "Under a Mourning Star", kisha "A Million Gods", ambao ni mrefu na unampa nafasi ya kufanya yote hayo ndani ya wimbo mmoja. Kipaji hichohicho ndicho alichokipeleka Kamelot alipojiunga nao kwenye Siége Perilous (1998).

Upande wa midundo, fuata besi ya Ingar Amlien na ngoma za Arve Heimdal badala ya gitaa. Wakikata mdundo na wewe umeshikilia gitaa, utapotea na kudhani wimbo umevunjika. Ukishika ngoma, kila kitu kinakaa mahali pake. Fanya hivyohivyo ukirudi Flow: chukua "Gethsemane", sahau rifu, hesabu ngoma. Albamu hiyo imejengwa juu ya mdundo, na ukitafuta mbio ndani yake utakosa.

Jambo moja la vifaa: ukizichanganya albamu za miaka ya tisini na State of Deception (2020) kwenye orodha moja, washa usawazishaji wa sauti kwenye programu yako. Za zamani zimerekodiwa kwa kiwango cha chini, na sikio hudanganyika kwamba kilicho kikubwa ndicho bora.

Nyuzi_Sita
Najibu la gitaa. Ladha ile inajengwa na vitu viwili: skeli (mpangilio wa noti) na mkono wa kulia.

Skeli ukianzia E ni E, F, G#, A, B, C, D. Hatua fupi ya E kwenda F, na pengo kubwa la F kwenda G#, ndizo zinazoleta harufu ya Uhispania. Ongeza mteremko wa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) Am, G, F, E, na uishie kwenye E bila kurudi Am. Wengi wanarudi Am kwa mazoea, na ladha inapotea papo hapo.

Mkono wa kulia: fungua vidole kimoja kimoja kuelekea nje, kidole kidogo, cha pete, cha kati, cha shahada. Weka metronomu 60, mapigo manne kwa kila mdundo. Kosa la kawaida ni cha shahada kulia zaidi ya vingine kwa kuwa ndicho chenye nguvu. Kifanyie mazoezi kidole kidogo peke yake mpaka vilingane, ndipo uongeze kasi.

MtegaSikio
Asante sana wakuu. Nyuzi_Sita, kwenye gitaa la umeme kodi ya E yenye G# inatoka chafu kabisa, hata nikiipiga polepole.

Nyuzi_Sita
Ni distoshoni hiyo, yaani ule mkwaruzo wa sauti ya gitaa la umeme. Noti mbili zikipita pamoja kwenye sauti iliyokwaruzwa huzaa noti nyingine zisizopigwa, na E na G# zikikaribiana kule chini huzaa matope. Kwenye rifu piga E na B tu, G# iachie solo au sauti ya mwimbaji. Punguza pia geini (kiasi cha mkwaruzo huo) hadi nusu ya ulipozoea.

Ukitaka kusikia Østby akiifungulia flamenko mlango wote, tafuta "Just a Little" kwenye Burn the Sun (2001) ya Ark, bendi aliyokuwa nayo pamoja na mwimbaji Jorn Lande. Jifunzie hapo kwanza, halafu rudi Parallel Minds. Utaanza kuisikia skeli ile hata pale alipoificha chini ya rifu nzito.