Gari la michezo lililotumika kwa matumizi ya Unguja: Porsche 911, Nissan GT-R au Lotus Elise?

Mkaazi_wa_Fumba

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nimeweka akiba kwa muda mrefu kwa ajili ya gari la michezo lililotumika, na sasa nimebakiwa na majina matatu: Porsche 911 ya kizazi cha 996 au 997, Nissan GT-R R35, na Lotus Elise. Rafiki yangu mmoja ananishawishi pia kuhusu Ferrari 360. Nitalitumia mwishoni mwa wiki, zaidi baina ya Fumba na mjini, na mara mojamoja hadi Paje au Nungwi. Kazini ninakwenda na gari jengine la kawaida. Sihitaji kujua lipi lina kasi zaidi, kwani matuta na askari wa usalama barabarani wameshalijibu swali hilo. Ninachotaka kujua ni lipi nitaweza kulitunza hapa hapa kisiwani kwa miaka mitano ijayo.

Fundi_Amani

Waaleikum salaam, ndugu. Nianze na Porsche, kwa sababu ndiyo yenye maneno mengi.

Injini za 996 na za 997 za awali zina shafti ya kati inayoshikiliwa na beringi moja upande wa flaiwili. Beringi hiyo ikifa, vyuma vyake husambaa ndani ya oili, na mara nyingi injini nzima huwa imekwisha. Kwa magari mengi ya mpaka 2005 beringi hiyo hubadilishwa giaboksi ikishateremshwa, kwa hiyo fundi mwenye akili huifanya kazi hiyo pamoja na klachi, asilipwe mtu mara mbili. Injini za 2006 hadi 2008 zina beringi kubwa zaidi, ambayo huharibika kwa nadra, lakini haitoki mpaka injini ipasuliwe. Awamu ya pili ya 997, iliyoanza kuuzwa 2008, haina shafti hiyo kabisa. Matoleo ya Turbo na GT3 nayo yana injini za ukoo mwengine na hayamo katika habari hii.

Tatizo la pili ni mikwaruzo katika kuta za silinda. Kabla ya kulipa, dai lipitishwe kamera ndogo ndani ya silinda, na utazame mabomba ya moshi: bomba moja likiwa na masizi mengi kuliko mwenzake, ondoka.

La tatu ndilo linalotuhusu zaidi watu wa pwani. Injini ya 911 iko nyuma, lakini rejeta zake ziko mbele, kwenye pembe mbili za bampa, na mbele ya kila rejeta kuna kondensa ya kiyoyozi. Matundu ya bampa huvuta majani, mchanga na vumbi la chumvi, vyote vikajazana baina ya kondensa na rejeta na kukaa na unyevu humo. Ukimulika tochi kupitia tundu la bampa utaona majani yaliyooza yamegandana kama udongo, na ukiyagusa, mapezi ya aluminiamu yanabomoka yakiwa bado yamo mahali pake. Bampa ishushwe kila mwaka, hasa baada ya masika, na pembe zote mbili zisafishwe kwa maji ya tamu.

Kwa fedha zangu ningechukua 997 ya awamu ya pili au nisichukue Porsche.

Mtembezi_wa_Jambiani

Naunga mkono, ila maji ya tamu yasitajwe tu na kupitwa. Huku kwetu pwani ya mashariki visima vingi vina maji ya chumvichumvi, na watu huosha gari kwa maji hayo wakidhani wanaiondoa chumvi. Ukirudi kutoka Paje usilioshee huko. Subiri ufike mjini, au tumia maji ya mvua uliyoyahifadhi, na upige chini ya gari kuliko juu. Turubai la plastiki nalo ni adui, kwa sababu hufunika unyevu pamoja na chumvi. Kitambaa kinachopitisha hewa, ndani ya banda lenye kivuli, kinatosha.

Wakala_Malindi

Naomba niseme machache kuhusu uingizaji. Magari mengi ya Ulaya yaliyopo Japani, hasa Ferrari na baadhi ya Porsche, yana usukani wa kushoto, kwa kuwa huko wanunuzi wengi waliupenda kwa heshima yake. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo thibitisha usukani uko kulia kabla ya kuipenda picha. Kwa gari la Japani, dai karatasi ya mnada yenyewe, ile yenye ripoti ya hali ya gari lilipouzwa mnadani, si tafsiri ya muuzaji. Kwa gari la Uingereza, historia ya ukaguzi wa kila mwaka, pamoja na maili zilizosomwa siku ya ukaguzi, hupatikana bure kwenye tovuti ya serikali yao kwa kuandika namba ya gari. Lakini kumbuka kwamba wao humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, kwa hiyo picha za chini ya gari ni lazima.

Hesabu ya ushuru ifanywe na wakala wako kwa namba ya chasisi kabla ya kutuma amana, kwani ukubwa wa injini na umri wa gari vinaweza kubadilisha hesabu yote. Na mwenye namba ya Z, yaani ya usajili wa Zanzibar, anayefikiria kwenda kutengeneza Dar es Salaam aulizie mapema utaratibu wa kuingia Bara kwa muda.

Shabiki_wa_Mtoni

Mimi naona GT-R inaonewa kabla haijasikilizwa. Imetengenezwa Japani, usukani wake uko kulia, ilitengenezwa tangu 2007 hadi 2025, na inavuta kwa magurudumu yote manne. Kwa nini ndugu yetu ahangaike na beringi za Wajerumani ilhali Nissan ni gari tunalolijua?

Fundi_Amani

Sheikh, tunaijua Nissan X-Trail. R35 ina jina hilo hilo na mambo mengine kabisa. Injini ni V6 ya lita 3.8 yenye turbo mbili, na giaboksi yake ya klachi mbili imefungwa nyuma pamoja na difu. Oili ya giaboksi hiyo ni maalumu, na kazi yoyote ya klachi au ya vali zake za umeme huhitaji kompyuta ifundishwe upya. Gari la soko la Japani limepangiwa petroli ya kule ya oktani ya juu; ukilitilia petroli dhaifu kuliko hiyo, injini hujihami kwa kurudisha nyuma uwashaji, nawe unakuwa umelipia nguvu usiyoipata. Gari lenyewe lina zaidi ya tani moja na nusu, na linakula tairi za inchi 20 na diski za breki ambazo hutazikuta dukani hapa mjini. Si gari baya hata kidogo. Ni gari la mji wenye fundi wake.

Shabiki_wa_Mtoni

Vitu vyote hivyo huagizwa kwa ndege na hufika. Bado nasema mwenye subira ataliendesha.

Bi_Mkunazini

Nami nimeshughulika na mahesabu ya magari ya kampuni kwa miaka mingi, kwa hiyo nalitazama jambo hili kwa upande wa mfuko. Bei ya kununulia isiwe ndiyo kipimo. Ferrari 360 iliyotoka baina ya 1999 na 2005 inaweza kushuka bei kiasi cha kukutamanisha, lakini bei za spea zake hazishuki pamoja nayo. Mkanda wake wa taimingi hubadilishwa kwa miaka, si kwa kilomita peke yake. Wengi husema kila baada ya mitatu hadi mitano, hata kama gari lilikuwa limelala bandani. Afadhali hiyo kuliko F355 iliyoitangulia, ambayo injini huteremshwa nzima kwa kazi hiyo hiyo, na afadhali zaidi F430, inayotumia cheni. Rafiki yako, ndugu Mkaazi, akuambie kwanza nani hapa Unguja ataufunga mkanda huo; asipokuwa na jawabu, jina hilo lifutwe.

Tairi pia zihesabiwe. Magari haya hutembea kidogo, kwa hiyo tairi huzeeka kabla ya kuisha. Ubavuni pana tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira wa umri huo, kwa jua letu hili, sitaupandia hata ukiwa na kashata nzima.

Mpemba_wa_Chake

Mbona Elise haijaguswa? Tangu 2004 Lotus walianza kuweka ndani yake injini ya Toyota ya lita 1.8, 2ZZ-GE, ile ile iliyomo katika Celica na katika baadhi ya Corolla RunX. Maana yake filta, plagi, pampu ya maji na vitu vingi vya injini unavipata kwa namba ya Toyota, na fundi aliyekwishafungua RunX hatastaajabu. Usichukue za kabla ya hapo, zenye injini ya Rover, ambazo gasketi zake za silinda hedi zina sifa mbaya.

Aibu zake zipo. Chasisi ni ya aluminiamu iliyounganishwa kwa gundi, nzuri kwa kutu, lakini ikipondeka hakuna mnyooshaji wa kwetu atakayeiweza. Bodi ni ya faiba, na kipande cha mbele ni kimoja kizima, kwa hiyo tuta moja la usiku linaweza kukugharimu kipande chote. Mikono ya sespensheni ya mbele ni ya chuma na hupata kutu. Tena kizingiti cha mlango ni kipana na kiti kiko chini mno. Kuingia humo ukiwa umevaa kanzu siku ya Idi ni mtihani wa peke yake.

Ukija nalo Pemba, ulizia meli inafika saa ngapi na maji yako vipi. Wakati wa bamvua maji yakiwa yamekupwa, mteremko wa mlango wa meli hubadilika sana, na gari la chini hukwangua pua. Beba mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu.

Mkaazi_wa_Fumba

Nawashukuru nyote. GT-R na Ferrari nimeziweka kando. Naona mashindano ni baina ya 997 ya awamu ya pili na Elise ya Toyota, nami naelemea Elise kwa sababu ya injini. Fundi, kuna cha kutazama katika 2ZZ yenyewe?

Fundi_Amani

Kipo. Injini hiyo hubadilisha kemu, yaani vinundu vinavyofungua vali, ikivuka mizunguko 6,000 hivi kwa dakika. Aliyekwenda kulikagua alivute mpaka huko likiwa limeshapata joto. Lisipopokea mvuto wa pili, boliti za roka au kemu zenyewe zimelika. Kisha atazame rejeta ya mbele kwenye maungio ya plastiki na aluminiamu, na mipira mirefu inayopeleka oili kwenye vipoozeo vya mbele. Ukipata namba ya chasisi mpe Wakala, nami nitumie picha za chini kabla hujatuma hata shilingi.